Karatasi za Kijivu

Mkemia wa serikali alilegeza boliti ya mwisho, akaiweka kwenye kisahani pamoja na nyingine, kisha akaliondoa bamba la juu la mtambo kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayefunua sufuria asijue ndani kumebaki nini.

"Sogeeni," alisema. "Lakini msishike."

Inspekta alisogea. Kikosi kizima kilimwita Kobe, na mwenyewe hakuwahi kulichukia jina hilo. Tangu aingie kazini hakuna aliyemwona akikimbia, hata nyuma ya mwizi, ila wezi aliowafuata walikuwa na tabia ya kupatikana. Pembeni yake alisimama Koplo, dada mwembamba mwenye macho yasiyotulia, ambaye mara nyingi alikuwa ameshafika kwenye jibu wakati Kobe bado anapangusa miwani. Kobe ndiye aliyemfundisha kazi. Siku hizi mkuu wa kituo akitaka habari za kesi alimpigia simu Koplo, na Kobe alikuwa amejizoeza kutazama dirishani kila simu hiyo ilipolia.

Mtambo uliokuwa mezani ungeweza kubebwa kwapani kama mkate. Ndani yake zilipangwa seli, moja juu ya nyingine: bamba la chuma, gasketi ya mpira ya kuzibia, karatasi nyembamba ya elektrodi, kisha bamba tena. Jana asubuhi mtambo huu ulikuwa ukifanya kazi katika taasisi ya utafiti, na mwanamke aliyeubuni, ambaye kazini kwake walimwita Daktari Mdogo, alikutwa sakafuni kando yake, hajitambui. Mpaka sasa alikuwa hospitalini, hajafumbua macho. Daktari wa zamu alisema damu yake ilijaa monoksaidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Kobe alimwomba jambo moja tu: asimtajie mtu yeyote jina la gesi hiyo, hata ndugu wa mgonjwa.

"Hebu nieleze tena," Kobe alimwambia mkemia. "Mtambo huu ulitakiwa utoe nini?"

"Fomati. Ni chumvi tu, inayeyuka kwenye maji. Unaingiza hewa ukaa upande huu, ile inayotoka kwenye mabomba ya viwanda. Upande ule unapitisha maji. Unatia umeme. Hewa ukaa inageuka fomati, na viwanda vya ngozi vinaitaka. Haiwezi kumwangusha mtu."

"Na monoksaidi?"

"Mtambo huu huu unaweza kuitoa. Inategemea elektrodi. Elektrodi ndiyo mpishi, Inspekta. Hewa ni ile ile, maji ni yale yale, umeme ni ule ule, lakini ukibadilisha mpishi, kinachopakuliwa ni kingine." Alichomoa karatasi moja kwa kibanio, akaiinua kwenye mwanga. Uso wake ulikuwa wa kijivu kilichofifia. "Daktari Mdogo alitumia madini ya bismathi. Bismathi inapika fomati. Nayo ni ya kijivu, kama hii."

"Basi ndiyo yenyewe."

"Ngoja." Mkemia aliigeuza. Mgongo wa karatasi ulikuwa mweusi tititi. "Za kwake alizipaka juu ya kitambaa cheupe kisicholowa, cha jamii moja na kile kinachopakwa kwenye kikaango ili chakula kisigande. Huo ndio ugunduzi wake. Elektrodi za namna hii zina ugonjwa mmoja: maji yanapenya, zinazama, hewa haipiti tena. Zake hazizami. Sasa hii imepakwa juu ya karatasi ya kaboni, mtindo wa zamani." Alichukua kipimo chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye uso ule wa kijivu, akasubiri kioo kiandike. "Na hii si bismathi. Ni madini ya fedha. Fedha inapika monoksaidi, tena inaipika vizuri."

Alichomoa ya pili, ya tatu, akaendelea mpaka zikaisha. Zote zilikuwa na mgongo mweusi.

"Kwa hiyo mtu alizibadilisha," Koplo alisema.

"Tena mtu anayejua. Boliti zimekazwa kimsalaba, kidogo kidogo, zote kwa nguvu sawa. Ukifanya pupa mtambo unavuja, na huu haukuvuja hata tone. Ni kazi ya mchana mzima."

Simu ya Koplo iliita. Alitoka nje kuipokea. Kobe akatazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu zaidi ya ukuta.

Koplo aliporudi, macho yalikuwa yakimwaka. "Mkuu anasema tumkamate mume."

"Mkuu anasema, au wewe umemwambia?"

"Nimemwambia tulichonacho, Afande. Kengele ya gesi ilitakiwa iwe ukutani, sisi tumeikuta kwenye droo ya meza ya mgonjwa, imezimwa, ina alama za vidole vya mumewe. Na mtu mwenyewe wivu wake unajulikana mpaka getini."

"Basi tuanzie hapo getini," Kobe alisema, akavaa miwani.

*

Mlinzi wa taasisi alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliwapandisha ghorofani, na njiani akawapa historia ya jengo zima bila kuulizwa. Maabara ile ilianzishwa na Daktari Mkubwa. Yeye na Daktari Mdogo walikuwa ndugu, tumbo moja, na mama yao alipofariki mkubwa ndiye aliyemlea mdogo, akamsomesha, akamleta hapa. Siku za mwanzo chumba kikubwa kilikuwa cha mkubwa. Kisha elektrodi za mdogo zikafanya maajabu, na Daktari Mkubwa akahamia kichumba cha mwisho wa korido, karibu na choo.

"Kwa hiari yake?" Koplo aliuliza.

"Alibeba mwenyewe maboksi yake. Mdogo mtu alikuwa analia, mkubwa anamwambia nyamaza, chumba ni chako."

Walifika. Mlango wa maabara ulikuwa na kioo katikati. Mlinzi alisimama mbele yake kama mtu anayeonyesha mahali pa ibada.

"Niliona kwa macho yangu haya, Afande. Nilikuwa napandisha funguo. Daktari Mkubwa alikuwa hapa koridoni, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikajisemea leo wanakuja wageni wa kiwanda cha saruji kuutazama mtambo, roho ziko juu. Mara akachungulia kiooni, akapiga ukelele. Nikaja mbio, lakini yule mama ana moyo, jamani! Alivuta pumzi hapa mlangoni, kubwa, mashavu yakajaa kama mpiga mbizi, akaingia. Akafungua dirisha. Akazima umeme pale ukutani. Ndipo akamshika mdogo wake makwapani, akamburuta hadi hapa nje. Nami nataka kuingia nikazime pampu, akanikamata shati. 'Usiingie!' Shati lenyewe ndilo hili, limechanika."

"Shujaa," Koplo alisema.

"Shujaa hasa! Dada yangu mimi angeniruka akaenda zake kunywa chai."

Kobe aliingia chumbani peke yake. Alitembea mpaka dirishani, akarudi mlangoni. Akarudia. Kisha akainama kwenye mrija mwembamba uliokuwa ukitoka kwenye mtambo kabla haujachukuliwa. Ulikuwa ukimwaga hewa iliyobaki humo humo ndani. Kwa mtambo wa fomati hapakuwa na ubaya wowote. Ukutani nyuma ya kabati, mahali pasipoonekana ukiwa mezani, kishikizo cha kengele kilikuwa kitupu.

"Madirisha yalifungwa kwa nini?"

"Mtunza bustani alikuwa anakata nyasi hapo chini. Daktari Mdogo hapendi kelele."

"Na karatasi za zamani, zile za fedha, zinakaa wapi?"

"Kwenye makabati ya hapa hapa koridoni. Hayafungwi. Nani aibe karatasi zilizoshindwa kazi?"

"Juzi mchana?"

"Juzi mchana jengo lilikuwa tupu, Afande. Wote walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi ya hotuba. Mimi nilikuwa getini."

"Mume wa Daktari Mdogo alipita getini?"

Mlinzi alicheka mpaka akajishika kiuno. "Yule kinyozi? Huja kila siku na chakula ambacho mkewe hakuagiza, kisha anakaa kwenye gari kuwahesabu wanaume wanaotoka. Majuzi alimvamia mhandisi mgeni. 'Wewe na mke wangu mnazungumza nini kutwa nzima?' Mhandisi akamjibu, 'Gasketi.' Mungu wangu! Akadhani ametukaniwa mke. Tuliwaachanisha watu watatu." Kisha akafuta machozi ya kicheko. "Lakini juzi hakuja. Nilimkosa, maana chakula chenyewe huishia kwangu."

*

Kinyozi walimkuta dukani kwake, amekaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kiooni. Hospitalini walikuwa wamemtoa wodini, kwa kuwa alimkaripia muuguzi wa kiume aliyemgeuza mkewe ubavu.

"Mmekuja kunikamata," alisema bila kugeuka.

"Mimi nimekuja kuuliza," Kobe alijibu, akakaa kiti cha pili. "Mwenzangu ndiye mwenye haraka."

Koplo alimkata jicho, kisha akamgeukia kinyozi. "Kengele ya gesi. Vidole vyako vimejaa juu yake."

"Niliishika. Niliipekua droo yake wiki iliyopita."

"Ukitafuta nini?"

"Chochote. Picha. Zawadi. Manukato ya mwanaume." Kinyozi aliongea kwa kioo, si kwao. "Nyinyi hamjui kuoa mtu ambaye kila mlango ukifunguliwa watu wanasimama. Mimi nikiingia naye mahali, wananiuliza nimepaki wapi gari la Daktari."

"Ulipata nini kwenye droo?"

"Karanga, chanuo, soksi moja, na hicho kidude cheupe. Nikadhani ni simu ya siri. Nikabonyeza, kikapiga yowe, nusura roho initoke. Mke wangu akaingia akanikuta nimekikumbatia tumboni kinyamaze."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akalia. Akasema nimemchosha." Alipangusa kioo kwa kiganja. "Akakizima, akakirudisha kwenye droo. Alikitoa ukutani yeye mwenyewe. Alisema mtambo wake unatoa hidrojeni kidogo, na kidude hicho kikinusa hidrojeni kinadhani ni gesi ya sumu, kinalia bure kama mtoto mwenye njaa. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa dada yake. 'Dada akijua atanigombeza mpaka mwakani.'"

Koplo alimsogelea. "Kwa hiyo ulijua chumba kile hakina kengele."

"Nilijua."

"Wewe na mkeo tu."

"Ndiyo." Kisha maana ya swali ikamfikia, akasimama. "Dada, mimi ni mtu wa wivu, sikatai. Ningeweza kumpiga yule mhandisi. Ningeweza kuivunja simu ya mke wangu, na nimeshaivunja. Lakini kumtoa roho? Nibaki na nini? Nimwonee wivu nani?"

"Juzi mchana ulikuwa wapi?" Kobe aliuliza.

"Hapa hapa. Ilikuja timu nzima ya mpira, wote wanataka kunyolewa kabla ya mechi. Sikupata hata nafasi ya kwenda kumchungulia."

Koplo alitoka, akamuuliza fundi cherehani wa jirani, kisha akampigia simu kocha wa timu. Alirudi amebana midomo. Yalikuwa ya kweli.

"Shemeji ndiye aliyemtoa," kinyozi aliendelea kwa sauti ya chini. "Namshukuru, Mungu anajua. Lakini hata hilo linaniuma. Mke wangu anakufa, mimi nimeshika mashine ya kunyolea, mtu mwingine ndiye anayemwokoa."

"Shemeji yako huwa anasemaje kuhusu kazi ya mkeo?"

"Anamsifu. Hakuna mtu anayemsifu kama yeye." Kinyozi alifikiri. "Ila akimsifu hutazama pembeni."

*

Ndani ya gari Koplo hakuwasha injini.

"Si yeye," alikubali. "Hata spana hajui kuishika. Lakini ndiye pekee aliyejua kengele haipo."

"Ndiyo sababu si yeye," Kobe alisema. "Tuseme wewe ndiye uliyebadilisha zile karatasi, na hujui kama kengele imetolewa. Unategemea nini kitokee?"

Koplo alishika usukani. "Mtambo unaanza. Unatoa monoksaidi. Kengele inalia mapema, kabla mtu hajaumwa hata kichwa. Watu wanatoka nje." Aliongea polepole zaidi. "Wageni wa saruji wanafika, wanakuta jengo zima liko bustanini. Mtambo wa ajabu wa Daktari Mdogo umetoa sumu, fomati hamna."

"Mtu anaaibika. Hafi."

"Kwa hiyo hakutaka kuua."

"Alitaka aibu. Sasa niambie kitu kingine. Daktari wa hospitali alimpima damu ndipo akajua hewa ilikuwa mbaya. Kabla ya hapo, kwa mtu yeyote aliyechungulia kwenye kile kioo, Daktari Mdogo alikuwa mtu aliyezirai karibu na mtambo usio na sumu. Wewe ukimkuta mtu amezirai, unafanya nini?"

"Namkimbilia, namwinua ki..." Koplo alikatika. Alimgeukia bosi wake, mdomo wazi. "Alivuta pumzi mlangoni. Akafungua dirisha kwanza. Akamzuia mlinzi."

Kobe alikuwa ameshalijua hilo tangu kule koridoni. Hakulisema mapema, kwa sababu alitaka mara moja tu amtazame Koplo akifika wa pili. Haikuwa tabia nzuri, na aliionea raha mpaka hospitalini.

*

Daktari Mkubwa alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mikono imechubuka kwa magadi ya maabara, bado amevaa nguo za jana. Mapajani alipakata viatu vya mdogo wake.

"Hajaamka," alisema walipomfikia. "Wanasema moyo uko sawa. Wanasubiri."

Kobe alikaa kando yake. Koplo alibaki amesimama.

"Pole, Daktari. Wote wanakusifu kwa ulivyomtoa."

"Mtu yeyote angefanya."

"Labda. Lakini si kwa namna ile. Ulifungua dirisha kabla ya kumgusa."

"Aliyezirai anahitaji hewa."

"Na kabla ya hapo ulivuta pumzi mlangoni ukaibana."

"Mazoea ya maabara."

"Mazoea ya maabara yenye gesi ya sumu. Hii ilikuwa ya fomati."

Daktari Mkubwa alivigeuza vile viatu, akavipanga upya, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. "Huwezi kujua. Mitambo hukorofisha."

"Ulimzuia mlinzi asiingie."

"Nilichanganyikiwa."

"Uliyoyafanya yalikuwa kwa mpangilio. Dirisha, umeme, kisha yeye. Aliyechanganyikiwa ni mlinzi." Kobe alivua miwani. "Juzi mchana hukuwa ukumbini."

"Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Tumeufungua mtambo, Daktari. Migongo ya karatasi ni myeusi."

Muuguzi alipita na kitoroli, magurudumu yakilia, na wote watatu wakangoja kipite.

"Kuna jambo huenda hulijui," Kobe alisema. "Kengele ya chumba kile ilikuwa imezimwa. Ilikuwa kwenye droo."

Hapo ndipo uso wa Daktari Mkubwa uligeuka. Hata Koplo, aliyekuwa amejiandaa kwa uongo, alirudi nyuma hatua.

"Kwenye droo? Nani aliitoa?"

"Yeye mwenyewe. Hidrojeni ilikuwa inaisumbua. Hakutaka ujue, alisema utamgombeza."

"Ningemgombeza," alisema. "Ningemgombeza mpaka akome." Kisha sauti ikamtoka vipande vipande. "Nilisimama koridoni nikiingoja. Nilisema sasa hivi italia. Nikaenda mpaka choo, nikarudi, nikasema sasa hivi. Nikadhani pengine karatasi zangu zimezama tena, maana ndivyo zilivyo, hata ubaya haziwezi kuufanya. Ndipo nikachungulia."

Koplo alipiga magoti mbele yake ili awe usawa wa macho yake. Swali lake halikuwa la ukali. "Kwa nini, mama? Umemlea mwenyewe."

"Ndiyo maana. Angekuwa mtoto wa mtu nisingejali." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilimfundisha kushika spana. Nilimfundisha kupaka karatasi, mkono usitetemeke. Ujana wangu wote nilihangaika na zile seli. Kila elektrodi niliyobuni ilizama. Nikipunguza maji, chumvi inaziba. Nikiongeza, inazama. Siku moja yeye anaosha vyombo kwangu, ananyanyua kikaango, anatazama matone yanavyoteleza, anasema, 'Dada, kwa nini tusipake juu ya kitu cha namna hii?' Vile vile, na povu mikononi. Na ikawa. Wote wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Viganja viliniuma. Kikaango kilikuwa changu, unaelewa? Nilikiosha kila siku kwa miaka, sikukiona."

Alimtazama Kobe. "Wewe umeshawahi kumfundisha mtu akakupita?"

Kobe hakumtazama Koplo. "Nimewahi."

"Basi unajua linavyokaa hapa." Alijigusa chini ya koo.

"Najua. Lakini sijawahi kubadilisha karatasi."

Daktari Mkubwa aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyesahihishwa hesabu na akaona kosa lake. Koplo alikuwa ameinuka na kuanza kutafuta pingu kiunoni pale mlango wa wodi ulipofunguka. Muuguzi alichungulia.

"Amefumbua macho. Anamuulizia dada yake."

Hakuna aliyesogea. Koplo alimtazama Kobe, na kwa mara ya kwanza tangu waianze kesi hiyo alikuwa anasubiri kuambiwa la kufanya.

"Ingia, Daktari," Kobe alisema. "Sisi tutakuwa mlangoni."

Daktari Mdogo alionekana mdogo kweli juu ya kile kitanda, mrija puani, midomo imekauka. Dada yake aliviweka viatu chini ya kitanda, akavuta kiti, akamshika mkono. Vidole vya mdogo vikavifumbata vya mkubwa.

"Dada. Wageni wamekuja?"

"Hawakuja. Wameambiwa wasubiri."

"Nilikuwa natazama kipimo." Alikuwa akiongea kwa kuokota neno moja moja. "Fomati haikuwepo. Hata kidogo. Kichwa kinaniuma, nasema ngoja nione tena, hakuna. Karatasi zangu zimekufa, Dada? Zimezama?"

Pale mlangoni Kobe aliona mabega ya Daktari Mkubwa yakipanda, yakatulia. Neno moja lingemtosha. Angesema zimezama, na mgonjwa angeamini, kwa kuwa hakuna mtu duniani aliyejua habari za kuzama kuliko yule aliyeketi kwenye kile kiti. Koplo alitaka kusogea. Kobe alimzuia kwa mkono.

"Hazikufa," Daktari Mkubwa alisema. "Hazikuwemo ndani."

"Hazikuwemo?"

"Zilizokuwemo ni zangu."

Ilichukua muda. Mashine ya moyo iliendelea na mlio wake, na macho ya mgonjwa yalikwenda darini, yakaenda dirishani, yakarudi kwa dada yake na kukaa hapo.

"Zangu ziko wapi?"

"Kwenye kabati la chumbani kwangu. Nimezifunga moja moja kwenye mfuko mkavu ili zisichakae. Hazina mkwaruzo hata mmoja, Kiduchu. Zitafanya kazi kesho ukitaka."

Daktari Mdogo aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa dada yake, kidole kimoja kimoja, akauingiza chini ya shuka. Aligeuza uso upande wa ukuta.

"Niitie mume wangu," alisema.

Daktari Mkubwa alibaki amekaa, kiganja bado kimefunguka juu ya kitanda. Kisha aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka. Alipofika mlangoni alimnyooshea Koplo mikono yote miwili.

"Anamtaka mume wake," alisema. "Mpigieni simu, aje upesi. Na mwambieni asigombane na muuguzi."